Mama Kishingo na Kamati ya Vifaa vya Banda

— Naja.
— Njoo, tupo.
— Nina mzigo.
— Tua, tupokee.
— Hauna kamba wala kapu.
— Basi ni maneno. Mwaga.

Hapo zamani, zamani za wanyama kusema na watu kunyamaza, kuku hakuwa na nyumba. Alilala porini, juu ya tawi. Mvua ikinyesha, ilimnyeshea. Upepo ukivuma, ulimyumbisha. Kicheche akipita, alimpunguzia watoto. Kila jioni kuku alihesabu vifaranga wake, na kila asubuhi hesabu ilikataa.

Katika kuku hao palikuwa na mmoja aliyeitwa Mama Kishingo. Aliitwa hivyo kwa sababu shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja, kuanzia chini ya masikio mpaka kifuani. Ilikuwa tupu na nyekundu, naye aliibeba kama mtu aliyevaa mkufu wa harusi.

Siku moja Mama Kishingo akawaambia wenzake, "Mimi nimechoka kutaga kwa ajili ya Kicheche. Naenda Mji wa Kwato kuomba mahali pa kuishi."

"Watakupa?" wakamuuliza.

"Wasiponipa nitakuwa nimetembea."

Mji wa Kwato ulikuwa mji wa wanyama wenye utaratibu. Aliishi humo Fahali, ambaye ndiye Mwenyekiti. Aliishi humo Kondoo, ambaye ndiye Katibu. Walikuwamo pia Bi Mbuzi, Mzee Punda na Bwana Bata. Bata kwato hakuwa nazo, lakini alikuwa na uzoefu.

Mama Kishingo akaeleza shida yake. Fahali akamsikiliza huku akicheua, akafikiri huku akicheua, na akatoa uamuzi huku akicheua.

"Mgeni ana hoja," akasema. "Utapewa banda kwa majaribio. Utaatamia mayai kumi. Vifaranga wakishaota manyoya, tutakuja kuwahesabu. Wakiwa wazima wengi kuliko waliokufa, kuku wote wa porini waje, mji huu ni wao. Ikifa nusu yao, wewe na ukoo wako wote mtarudi mlikotoka, na habari ya kuku haitafunguliwa tena katika baraza hili."

"Imeafikiwa," akasema Kondoo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutoa maoni mengine kikaoni.

Banda likajengwa, likaezekwa, likazinduliwa. Fahali akakata utepe kwa pembe. Bi Mbuzi akala utepe. Zikatolewa hotuba kuhusu umuhimu wa banda, na ya Punda ilikuwa ndefu kuliko banda lenyewe. Hotuba zilipokwisha, Mama Kishingo akaingia ndani, akakuta udongo mtupu. Chini hapakuwa na matandazo, hapakuwa na chombo cha chakula, hapakuwa na chombo cha maji.

"Hilo limeonekana," akasema Fahali. "Itaundwa kamati."

Ikaundwa Kamati ya Vifaa vya Ndani ya Banda la Mgeni, wajumbe wakiwa Bata, Mbuzi na Punda. Kikao cha kwanza kikapanga siku ya kikao cha pili. Kikao cha pili kikathibitisha yaliyosemwa katika kikao cha kwanza. Kikao cha tatu, mayai yakiwa yameanza kugongwa kutoka ndani, kikagawana kazi: Bata achague chombo cha maji, Mbuzi achague matandazo, Punda achague chombo cha chakula.

Na kuku mwenyewe, mnasema? Kuku aliulizwa swali moja tu, naye aliyemuuliza ni Kondoo. Alimuuliza kama amekalia kiti cha mjumbe.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule, maana hapa ndipo watu walipoumia. Mgeni wa Mji wa Kwato akipewa kitu na baraza, hakikatai na wala hakitoi nje. Anakipokea kwa heshima zote na kukitumia mbele ya aliyempa. Kitu cha baraza hakibadilishwi ila kwa neno la mjumbe wa kamati. Kondoo alimsomea Mama Kishingo desturi hiyo mlangoni, akamaliza, akairudia, asije mgeni akasema hakusikia.

Mayai yakapasuka. Vifaranga kumi, wote wazima, kila mmoja anadai chake.

Akaja Bwana Bata na karai la maji. Lilikuwa karai pana na lenye kina, limejaa mpaka ukingoni.

"Haya ni maji ya mtu kujimwaga," akasema Bata. "Mimi asubuhi nisipozama kidogo siku haiendi."

Mama Kishingo akalitazama karai, akawatazama watoto. Akasema, "Asante, bwana mjumbe. Nimepokea kwa mabawa mawili."

Akaja Bi Mbuzi na majani mabichi, yamekatwa alfajiri, bado yanatiririka umande. Akayatandaza banda zima.

"Kitanda cha namna hii," akasema, "ukiamka na njaa huna haja ya kutoka. Na wewe Kishingo, nguo ya shingoni uliiacha porini?"

"Niliivua, bibi, isiloe nikinywa."

Mbuzi akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Mama Kishingo akayakanyaga majani, yakamlowesha vidole. Akasema, "Asante, bibi mjumbe. Nimepokea kwa mabawa mawili."

Akaja Mzee Punda na hori, gogo zima lililochongwa katikati. Akaliweka chini na kulijaza pumba na chenga za mtama mpaka zikamwagika.

"Chakula kiwe kingi, kiwe chini, kiwe wazi," akasema Punda. "Mimi nikiona hori nusu najihisi mgonjwa."

Mama Kishingo akalizunguka lile gogo, lenye upana wa kulaza mbwa. Akasema, "Asante, mzee mjumbe. Nimepokea kwa mabawa mawili."

Wajumbe wakaondoka wameridhika. Si kila siku kamati inamaliza kazi mgeni akiwa bado hai.

Basi kifaranga mdogo kuliko wote akashikwa na kiu. Akapanda ukingo wa karai, akainama anywe, akatumbukia. Mama yake alikuwa upande wa pili akiwafunika wengine. Bata, aliyekuwa akipita, akachungulia dirishani.

"Huyo atakuja kuwa muogeleaji," akasema.

Hakuwa anaogelea. Mama Kishingo alimtoa kwa mdomo, akamlaza juani, hakuamka, akamfukia. Kisha akaimba:

*Kwe kwe kwe, niseme au ninyamaze?*
*Nikisema nimekosa adabu,*
*nikinyamaza nimekosa mwana.*

Akanyamaza.

Yale majani mabichi yakaanza kuchacha. Chini yakawa moto, juu yakaota ukungu, na harufu ikawa ya kutoa machozi. Vifaranga wakaanza kukohoa. Asubuhi moja mmoja wao hakuamka.

"Kikohozi hicho mmekuja nacho toka porini," akasema Mbuzi. "Huku kwetu majani hayakohoi."

Mama Kishingo akaimba:

*Kwe kwe kwe, niseme au ninyamaze?*
*Nikisema nimekosa adabu,*
*nikinyamaza nimekosa mwana.*

Akanyamaza.

Na lile hori, kwa kuwa lilikuwa chini na wazi, vifaranga waliingia humo kwa miguu. Walifukua humo, walilala humo, walichafua humo, kisha wakala humohumo. Wakashikwa na kuhara, kuhara kulikochanganyika na damu. Wakafa wawili kwa siku moja.

"Nawaona wanakula wakiwa ndani ya chakula," akasema Punda. "Raha gani hiyo. Mimi sijaipata maishani."

Mama Kishingo akaimba mara ya tatu, sauti ikitoka kidogo:

*Kwe kwe kwe, niseme au ninyamaze?*
*Nikisema nimekosa adabu,*
*nikinyamaza nimekosa mwana.*

Wamekufa wangapi? Wanne. Wamebaki sita, na mmoja wa hao sita alikuwa amekaa pembeni, mabawa yameanguka, macho yamefumba. Huyo akifa, ni nusu. Huyo akifa, kuku wote wa porini hawana nyumba, wao na watoto wao ambao hawajatagwa.

Hali ikiwa hivyo, akaingia Bwana Bata. Hakuja kumwona mgonjwa. Alikuja kulitazama karai lake, maana alilipenda. Akalizunguka, akalisifu, akajisifu. Alipotaka kutoka akajikwaa kwenye hori.

"Mama," akasema, "hili gogo aliliweka nani?"

"Mzee Punda, bwana mjumbe."

"Nilijua tu. Punda ana kichwa kirefu, lakini urefu wenyewe umeishia puani. Tazama watoto wanavyolipanda. Chakula kikishakuwa chini ya miguu si chakula tena, ni sakafu. Ningekuwa mimi, ningelipindua liwe kiegemeo tu. Ubavuni mwake ningefunga mwanzi uliopasuliwa, mwembamba, mdomo uingie na mguu usiingie. Niuweke usawa wa mgongo wa kifaranga, na kila wakikua niupandishe. Juu yake nipitishe ufito, asipate mtu pa kukaa. Na nisingeujaza mpaka juu hata kwa dawa, kwa sababu kinachojaa kinamwagwa, na kinachomwagwa kinaita panya."

Mama Kishingo akainua shingo ile ndefu.

"Bwana mjumbe, hilo ni neno lako?"

"Neno langu."

"La mjumbe wa kamati?"

"Mimi ni mjumbe hata nikilala."

"Asante," akasema Mama Kishingo. "Nimelipokea."

Bata akatoka akijiona. Mama Kishingo akabaki akitafakari jambo moja: huyu Bata haoni kifaranga akizama mbele ya macho yake, lakini kosa la Punda ameliona kabla hajafika mlangoni. Na kama Bata yuko hivyo, wenzake je?

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Mbuzi.

"Bibi mjumbe, naomba unisaidie kutazama karai langu."

Mbuzi akaja, akasimama mbali. "Mimi na maji hatusemezani. Hata umande ukinigusa mguu, siku yangu imeharibika."

Mama Kishingo akayatazama yale majani aliyotandikiwa yakitiririka umande, akameza alichotaka kusema.

"Nani ameweka ziwa chumba cha watoto?" Mbuzi akaendelea. "Ni Bata, au nimekosea? Bata akialikwa matanga huuliza kama pana dimbwi. Lijaze kokoto safi, mama, maji yabaki kati ya kokoto na kokoto, pa kutia mdomo tu. Na ulipandishe juu ya jiwe bapa, maana watoto wako wakifukua wanarushia taka. Yabadilishe kila asubuhi. Ukiona utelezi ukingoni, sugua na mchanga."

"Hilo ni neno lako, bibi?"

"La nani tena? Naonekana nimeazima?"

"Asante. Nimelipokea."

Akaenda kwa Mzee Punda.

"Mzee mjumbe, mji mzima hakuna pua kama yako. Njoo uninusie banda."

Punda akafurahi, kwa sababu tangu azaliwe watu walikuwa wakimsifu masikio. Akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi, akapiga chafya iliyotikisa paa.

"Umelala juu ya nini, binti yangu?"

"Juu ya chaguo la Bi Mbuzi."

"Mbuzi hajui kutofautisha kitanda na mboga. Sikiliza. Mpunga wa mji huu wote nabeba mimi kwenda kwenye vinu. Nikishatuliwa mzigo, najigaragaza juu ya maganda ya mpunga. Ni makavu, ni mepesi, yananyonya maji, hayashikani. Yamwage hapa mpaka mguu wako uzame. Yageuze kila asubuhi. Finya kidogo kwa ukucha: yakitawanyika, yaache, yakishikana donge, yatoe uweke mengine. Ukikosa maganda, maranda ya mbao yatafaa, ila yawe makavu."

"Na haya majani ya bibi?"

"Yaliyochacha yatupe, yaliyo mazima yafunge tita, uyaning'inize. Watoto wayadonoe wakirukaruka. Mboga ikae panapokaa mboga."

"Hilo ni neno lako, mzee?"

"Langu, na kama si langu basi hakuna neno mjini."

"Asante. Nimelipokea."

Mama Kishingo hakusubiri kikao. Alikokota majani, akatundika yaliyo mazima, akamwaga maganda. Alibeba kokoto kwa mdomo, mojamoja, mpaka karai likawa na sakafu ya mawe. Hori likapinduliwa, mwanzi ukafungwa ubavuni, ufito ukapita juu. Kisha akamchukua yule mgonjwa, akamzika mpaka shingoni katika maganda makavu, akamlalia ubavuni, akawa anamchovyea maji kwa ncha ya mdomo. Aliinama, akachovya, akamnywesha. Aliinama tena, akachovya, akamnywesha.

Asubuhi kifaranga akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Kisha akataka kujua kwa nini chakula kimechelewa.

Siku zikaenda. Kikohozi kikakatika, kuhara kukakatika, na manyoya yakaota. Wawili wakatoka na shingo tupu kama ya mama yao, wakaringa nazo.

Ikafika siku ya hesabu. Akaja Fahali akicheua. Akaja Kondoo. Ikaja kamati nzima.

Bata akaingia wa kwanza, akasimama ghafla. "Nani amejaza mawe karai langu?"

Mbuzi akaingia wa pili. "Nani amekitundika kitanda changu?"

Punda akaingiza kichwa. "Nani amelipindua hori langu?"

Kondoo akajikohoza na kuisoma desturi tena: mgeni aliyebadilisha kitu cha baraza anaondoka siku hiyohiyo, na kuhesabiwa hakuna.

"Una la kusema?" akauliza Fahali.

"Ninalo, Mwenyekiti," akasema Mama Kishingo. "Hakuna hata kimoja nilichokibadilisha kwa neno langu. Kila kimoja kimebadilishwa kwa neno la mjumbe wa kamati, tena nilimuuliza kama ni neno lake, akasema ni lake."

"Mjumbe gani?"

"Wako humu ndani, Mwenyekiti. Wakipenda watajitaja wenyewe. Mimi mgeni, siwezi kuwasemea wakubwa."

Bata alifungua mdomo amtaje Mbuzi, akakumbuka gogo. Mbuzi alifungua mdomo amtaje Punda, akakumbuka kokoto. Punda alifungua mdomo tu, kwa desturi yake, akaufunga.

"Kwa kweli," akasema Bata taratibu, "ukiyatazama vizuri, mawe haya yana faida zake."

"Na kitanda changu," akasema Mbuzi, "juu kinapendeza zaidi."

"Hori hili," akasema Punda, "upande huu nilikuwa sijapata nafasi ya kuuonyesha."

"Imeafikiwa," akasema Kondoo.

Ndipo Fahali akahesabu. Akahesabu mara moja, akahesabu mara ya pili, maana vifaranga wenye manyoya hawatulii. Sita.

"Sita wazima," akasema. "Wanne wamekufa."

"Wanne, Mwenyekiti," akasema Mama Kishingo. "Nao walikufa nikiwa na mdomo. Ningeufungua siku ya kwanza, leo ungehesabu kumi. Kuku watakaokuja hapa nitawaambia hivyo, na nawaambia na ninyi mkinisikia: tutakaa katika mji huu kwa adabu, lakini maji ya watoto wetu tutayasemea."

Fahali aliacha kucheua. Wazee wa mji walisema hawakupata kuliona jambo hilo, kabla wala baada.

"Waje," akasema.

Basi kuku wakatoka porini, madume kwa majike, weusi kwa wekundu, wakaingia Mji wa Kwato, na mpaka leo hawajatoka.

Kikao kile kilikuwa hakijafungwa. Bwana Bata akasimama, akasema nyumba yake imebomoka na anaomba nyingine.

"Itaundwa kamati," akasema Fahali. "Na kwa kuwa Mama Kishingo sasa ni mwenyeji, tena anayajua mabanda, nampendekeza yeye awe mjumbe. Mama, sema. Bata awekewe nini?"

Mama Kishingo akajinyoosha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa mjumbe, na neno lilimkaa vizuri kifuani.

"Jambo jepesi, Mwenyekiti," akasema. "Awekewe maganda makavu sakafu nzima. Awekewe ufito wa kulalia, juu kabisa, karibu na paa. Na maji awekewe kidogo sana, ya kutia—"

Hapo macho yake yakaangukia miguu ya Bata. Ilikuwa miguu mipana, yenye ngozi katikati ya vidole, na ilikuwa imesimama ndani ya kidimbwi kilichobaki na mvua mlangoni, ikiyapigapiga maji polepole, kama mtoto anayepapasa nguo ya mama yake.

Mama Kishingo akaacha sentensi yake ilipokuwa. Kondoo alikuwa ameshafungua mdomo kuafiki, akaambiwa aufunge kidogo.

"Bwana Bata," akasema Mama Kishingo, "hebu niambie. Wewe unalalaje?"

Bata akaacha kuyapigapiga maji. Kisha akasema, "Nimekaa katika mji huu tangu sijaota manyoya. Nimeingia kamati zote. Hilo swali sijawahi kuulizwa."

"Basi kaa hapa, uanze mwanzo."

Akakaa, akaanza. Jua likatoka upande huu wa banda likahamia upande ule, Bata anaeleza, na Mama Kishingo anasikiliza, shingo yake ameielekeza kwake.

Mafunzo mnayataka? Ukipewa kazi ya kumtandikia mtu, muulize kwanza anavyolala. Na ukitandikiwa vibaya, sema mapema, watoto wakiwa bado wamo wote.

Nami nilisikia kuna karamu ya kuwakaribisha kuku, nikapiga mbio. Kufika, naambiwa jina langu limeshatiwa alama kwamba nimekula, nimeshiba na nimeshukuru.

Imeishia hapo. Palipokolea ni penu, palipopwaya ni koo langu, na usingizi ni wa wote.